Kibao Kilichobaki Kwenye Theluji

Sherifu Duane Obermeyer alipoingia jikoni kwa wifi yangu Marlys hakuvua kofia, na hapo hapo nikajua amekuja kikazi. Siku nyingine huivua mlangoni, akaipigapiga pajani kuikung'uta theluji, akauliza kama kuna kolachi, vile vimkate vitamu vya matunda. Siku hiyo kolachi zilikuwa mezani, za plamu na za aprikoti, bado zina moto, naye hakuzitupia hata jicho.

Mimi nilikuwa nakanda unga wa awamu ya pili. Nikaendelea kukanda.

"Marlys, wameuleta tena ule mswada," alisema.

"Upi?"

"Wa kuondoa vibao vya mbele. Gari libaki na namba nyuma tu, kama wenzetu wa Kansas. Safari hii anaubeba Seneta Haldane, na ana watu wengi nyuma yake."

"Haldane mwenyewe ana pikapu zisizo na idadi," nikasema, "na sidhani kama kuna hata moja ambayo kibao cha mbele hakijang'olewa na ng'ombe au na waya."

"Ndiyo hiyo sasa, Ardith. Anasema ni gharama ya bure kwa serikali. Na wale wa mjini wenye magari ya fahari wanasema kinaharibu sura ya gari."

"Sura," Marlys akasema, akimmiminia kahawa. "Siku hizi gari lina sura."

Duane akacheka kidogo, akakaa. Kisha akasema lililomleta. Alitaka Marlys aende Lincoln, kwenye bunge la jimbo, akatoe ushahidi kuupinga mswada. Hapa Nebraska kila mswada, hata uwe wa kipuuzi namna gani, lazima usikilizwe hadharani, na mtu yeyote, awe amevaa tai au buti za zizini, ana haki ya kukaa mbele ya maseneta na kusema lake.

"Mimi nitasema kama polisi," Duane alisema. "Polisi wamezoeleka. Lakini mjane akisimama akawaambia kibao cha mbele ndicho kilichomkamata aliyemuua mume wake, nani ataupigia kura ule mswada?"

Marlys alivuta kiti. Alikaa, akasogeza kikombe.

Niwaeleze jambo lenyewe. Jioni moja ya Januari, miaka mingi sasa, kaka yangu Leonard, mume wa Marlys, alitoka kwenda kufunga geti la malisho kando ya barabara ya changarawe. Tate Reinke, kijana wa shamba la jirani, alikuwa anarudi kutoka kwenye mechi ya mpira wa kikapu, naye amekunywa. Alimgonga Leonard, akaendelea na safari. Kaka yangu alifia pale pale. Duane alipofika na tochi yake alikuta kibao cha namba kimesimama kwenye tuta la theluji, wima, kama mtu amekipanda. Kilikuwa kibao cha mbele cha pikapu ya Tate. Asubuhi kulipopambazuka Tate alikuwa mikononi mwa polisi.

Duane ameisimulia habari hiyo shuleni, kwenye maonyesho ya kaunti, kwenye karamu za wazima moto, na humalizia kwa maneno yale yale: "Mtu alikimbia, kibao kikabaki kusema." Watoto waliozaliwa baada ya msiba wanaijua.

"Lakini Duane," Marlys alisema polepole, "alikuja mwenyewe. Alikuja hapa, jikoni kwangu."

"Alikuja kwa sababu kibao kilikwishamtaja. Panya akishanaswa mkia husema nilikuwa napita kuwasalimu." Sasa ndipo alipochukua kolachi. "Usiyachanganye mambo, Marlys. Sema tu kwamba kibao kilipatikana. Huo si uongo."

"Si uongo," Marlys alikubali.

"Basi. Nitakupigia kukuambia siku."

Alipoondoka nilimwambia wifi yangu aende, tena nitamsindikiza. Mimi nami niliutaka mswada ule ufe, na Leonard alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Marlys aliosha kikombe cha Duane, akakikausha, akakiosha tena.

Inafaa mjue Tate alivyoishi baada ya hapo. Alikiri mahakamani, akafungwa, akamaliza kifungo chake. Baba yake alipoanza kushindwa kutembea akarudi kuliangalia shamba. Hapa kwetu watu wakipishana barabarani huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Ni kidole tu, wala si salamu ya kusimamisha gari, lakini ukinyimwa utajua. Namba za magari yetu huanza na namba ya kaunti, kwa hiyo likija gari mbele yako unajua kwanza kama ni mtu wa kwetu, kisha ukizisoma tarakimu zinazofuata unajua ni nani. Tate alinyimwa kidole. Hakutukanwa na mtu, hakufukuzwa dukani, hakukatazwa kanisani. Alipishana na watu wakiwa wameukamata usukani kwa mikono miwili, macho mbele, kama wanaendesha kwenye barafu.

Mwaka ule wa kwanza wa kurudi kwake niliona jambo. Mwezi wa Machi magari yetu yote huwa udongo mtupu mpaka kwenye vioo, lakini kibao cha mbele cha Tate kiling'aa kama sahani ya sikukuu. Nilimuuliza Marlys kama ni majivuno.

"Hapana, wifi," aliniambia. "Anakisafisha ili mtu amtambue mapema. Asije mtu akamwinulia kidole kwa kukosea, halafu akajuta."

Sikuuliza amejuaje. Marlys ni mwanamke wa kuona. Ni mdogo wa umbo, anavaa makoti ya marehemu yaliyokunjwa mikono, na akikutazama huna haja ya kurudia ulichosema. Nimekaa naye tangu alipoolewa kwetu, na kama kuna jambo jema nililojifunza nje ya kanisa, mengi nimeyaona kwake.

Tulikwenda Lincoln siku ya mawingu mazito. Marlys ndiye aliyeendesha.

"Wifi," nilimwambia, "ukiendelea kwa mwendo huu mswada utapita, utasainiwa, na tutafika hatuna kibao mbele."

"Shuka utembee, utanipita."

"Yule bibi wa trekta ametupita."

"Ana haraka ya kufa. Kaa kimya usali rozari yako."

Nikasali. Tulisimama njiani tukala supu nzito ya maharage na nyama, na mkate wa mdalasini pembeni kama inavyostahili. Marlys alichovya mkate wake kwenye supu lakini hakuula. Kisha akaniambia lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Asubuhi ile, Ardith, jua lilikuwa bado halijatoka. Nyinyi mlikuwa mmekwenda kumleta Padre. Akabisha hodi. Nikafungua nikamwona kijana wa Reinke, amekuja na pikapu ile ile. Akavua kofia akasema, 'Mama Pospisil, ni mimi niliyemgonga.' Basi. Hakusema alikuwa haoni, hakusema barabara iliteleza. Nikamwambia akae. Nikampigia Duane simu. Duane akaniambia, 'Niko barabarani namtafuta, kibao chake ninacho hapa.'"

"Sasa si ndivyo anavyosimulia Duane?"

"Ngoja. Duane alikuja akamtoa nje. Mimi nilikuwa dirishani. Walipita mbele ya pikapu. Tate akasimama. Akainama, akapapasa bampa pale kibao kinapokaa, akamgeukia Duane akamuuliza, 'Kiko wapi kibao changu?' Nilimsikia kupitia kioo. Niliuona uso wake, wifi. Hakujua. Tangu jioni mpaka asubuhi hakujua kama kimeanguka. Hakuja kwa sababu ya kibao. Alikuja kwa sababu alishindwa kutokuja."

Niliweka kijiko chini. Miaka yote hiyo nilimwona Tate kuwa mtu aliyekimbia akashikwa mkia, na kumchukia mtu wa namna hiyo ni rahisi, wala hakukufanyi ujiulize jambo lolote.

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Alikubali kosa, kesi ikaisha." Akaufuta mdomo. "Tena nilitaka achukiwe. Watu walipoisimulia vile nilinyamaza, na kunyamaza kulinipa nafuu. Siku zilivyoendelea nafuu ile ikageuka ugonjwa."

"Na leo utasema nini?"

"Nakitaka kibao cha mbele, Ardith. Nakitaka kweli. Nikilisema hili nitakuwa nimewapa ushindi akina Haldane."

"Duane naye?"

"Duane atanuna mpaka Pasaka." Akasimama akavaa koti. "Twende."

Chumba chenyewe kilikuwa na viti vya mbao na joto jingi. Maseneta walikaa kwenye meza iliyopinda, na mwenyekiti wao alikuwa mwanamke aitwaye Seneta Straka, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Utaratibu ni huu: kwanza wanaounga mkono, kisha wanaopinga, mwisho wasio na upande. Unataja jina lako herufi moja moja ili liandikwe vizuri. Mezani kuna taa. Ikiwaka kijani unasema, njano unakusanya maneno, nyekundu unanyamaza.

Haldane alizungumza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alisema serikali ingeokoa chuma na fedha, na kwamba magari mapya yana vifaa puani vya kupimia umbali ambavyo kibao huvizuia. Alisema mfugaji hapaswi kutozwa faini kwa kuwa fahali wake hakusoma sheria. Watu wakacheka. Kisha akaja mzee mmoja mwenye gari la zamani, jekundu, ambaye alileta picha yake na kuiinua juu ili maseneta waione.

"Mheshimiwa, mtazameni huyu," alisema. "Kumfunga kibao mbele ni kumgongomea bibi harusi msumari usoni."

"Kumbukumbu zionyeshe kwamba bibi harusi ni mzuri," alisema mwenyekiti. "Anayefuata."

Ikaja zamu ya wanaopinga. Duane alikuwa wa kwanza. Alikaa wima, akasema mambo ya kamera na ya wezi wa mafuta, na jinsi askari anayekutana na gari uso kwa uso anavyohitaji kulisoma kabla halijampita. Mwishoni akaisimulia ya kwetu. Theluji, tochi, kibao kimesimama wima. Ameisimulia mara nyingi hata anajua pa kupumulia. "Mtu alikimbia," alisema, "kibao kikabaki kusema. Na mjane yuko hapa leo, mtamsikia mwenyewe."

Chumba kizima kikageuka. Marlys alikwenda mbele akiwa na mkoba wake mkononi, akakaa, akauweka magotini.

"Naitwa Marlys Pospisil," alisema, akalitaja jina lake herufi moja moja, taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

"Nimekuja kupinga mswada. Nakitaka kibao cha mbele kibaki. Nikiwa barabarani napenda kujua nani anakuja, ili nimwombee au nijiandae."

Wakacheka. Hakucheka nao.

"Sherifu amewaambia kuhusu mume wangu. Amewaambia alichokiona yeye, na ni kweli alikiona. Mimi nawaambia nilichokiona mimi. Asubuhi ile, jua halijatoka, Tate Reinke alibisha hodi mlangoni kwangu."

Nilimwona Duane akiinua kichwa. Hakuna aliyekuwa amelitaja jina la Tate mpaka hapo. Katika habari ya Duane huwa ni "mtu", na mtu hana mama wala shamba.

Marlys aliendelea. Alisema kama alivyoniambia mimi, hakuongeza chumvi, hakulia. Alisema jinsi Tate alivyovua kofia, na maneno aliyoyasema. Taa ikawa njano. Katika masimulizi yake akawatoa Tate na Duane nje ya nyumba, akawafikisha mbele ya pikapu.

"Tate akasimama, akainama," alisema, na taa ikawaka nyekundu.

Marlys akafumba mdomo. Ndivyo alivyolelewa. Ukimwambia wifi yangu anyamaze kwa utaratibu, atanyamaza hata kama nyumba inaungua. Alikaa pale na mkoba wake, na chumba kizima kikakaa naye. Nilitamani nimpigie kelele.

Seneta Straka alivua miwani. "Mama Pospisil, mimi nina swali," alisema. "Ikawaje?"

"Akapapasa bampa. Akamuuliza Sherifu, 'Kiko wapi kibao changu?' Hakujua kama kimeanguka. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kibao hakikumleta kwangu. Alijileta."

Halafu Haldane, aliyekuwa amekaa pembeni, akaomba ruhusa ya kuuliza.

"Mama, nisamehe. Umesema unapinga mswada wangu. Lakini naona kama umenisaidia."

"Sikukusaidia wewe, Seneta. Nitakupinga mpaka utakapochoka. Kibao kibaki, lakini kisibaki kwa kukanyaga mgongo wa mtu. Kijana yule alifanya kosa moja kubwa na jambo moja jema, na hilo jema tumemnyang'anya tukalikabidhi kwa kipande cha bati. Mimi nilikuwa wa kwanza kumnyang'anya." Akasimama. "Mkitafuta sababu za kukibakiza, Sherifu amewapa nzuri nyingi. Hii moja muitoe."

Nimeona watu wengi wakisema kweli. Wengi husema ile inayowafaa. Siku ile nilimwona mwanamke anaisema inayomgharimu, mbele ya upande wake mwenyewe, kwa ajili ya mtu aliyemfanya mjane, na alipomaliza akatafuta glovu zake chini ya kiti kama aliyetoka kulipia umeme. Nilimshukuru Mungu kwamba kaka yangu alijua kuchagua.

Duane alitungoja kwenye korido. Uso ulikuwa umemwiva.

"Umeniaibisha, Marlys. Mbele ya polisi wenzangu wa jimbo zima."

"Sikukusudia hilo, Duane."

"Kulikuwa na njia nyingine."

"Nilikuambia jikoni. Ukaniambia habari za panya."

Duane akageuka. Akaenda zake. Tukamwona kwenye maegesho akiwasha gari, na hakutungoja tufuatane naye kama tulivyokubaliana, ingawa theluji ilikuwa imeanza. Marlys alirudi kwa mwendo ule ule wake, na safari hii sikumsema.

Wiki iliyofuata kamati iliupitisha mswada uende mbele. Kura hazikuwa na ubishi. Sasa uko kwenye foleni ya miswada mingine, na ninapoandika haya bado zamu yake haijafika. Mjini kwetu watu hawakungoja zamu. Mwenye duka la mbegu alimwambia Marlys, bila kumtazama, "Nasikia umekwenda Lincoln kutuuzia vibao vyetu."

"Ndiyo," Marlys alimjibu. "Chako ndicho kilichopata bei mbaya, kimejaa kutu."

Lakini nyumbani hakukuwa na utani. Binti yake alipiga simu akalia, akasema mama amemtetea aliyemuua baba. Marlys alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sikumtetea, mwanangu. Nimerudisha kitu ambacho si changu." Sijui kama binti alielewa. Tulisali pamoja usiku ule, na kwa mara ya kwanza Marlys alilitaja jina la Tate kwenye sala kwa sauti.

Ilikuwa Kwaresima, na Ijumaa za Kwaresima parokia yetu hukaanga samaki kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Kaunti nzima huja, hata Walutheri. Mimi huwa kwenye meza ya samaki, kando ya dirisha linaloelekea maegesho, Marlys huwa kando yangu kwenye saladi ya kabichi. Ijumaa ile watu walimpa Marlys sahani zao wakasema asante, wala hawakusema zaidi ya hapo.

Tate alikuja kama ajavyo, mapema, kabla foleni haijawa ndefu. Ni mtu mkubwa sasa, mvi zimeanza masikioni. Huwa hali ukumbini. Hununua chakula chake kwenye boksi akaenda kukila kwenye pikapu, pale nje, akitazama ukuta wa kanisa. Nilimtilia samaki. Alipofika kwa Marlys alisimama.

"Mama Pospisil," alisema, "hukulazimika."

"Kabichi nyingi au kidogo?"

"Kidogo, mama."

Akamwekea nyingi. Tate akalitazama boksi lake, akatikisa kichwa kidogo, akatoka.

Muda si mrefu ukumbi ukajaa, na Duane akaingia na watu wake wa ofisini. Alikuwa hajasema na Marlys tangu Lincoln. Meza moja walimwita, "Njoo, Sherifu, njoo ukae! Leo utatupa ya kibao au na yenyewe imefutwa na bunge?" Wakaangua kicheko. Duane hakwenda. Alipanga foleni mpaka akafika mbele yetu, akasimama na sahani tupu.

"Nimekaa nikikumbuka," alimwambia Marlys, sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu. "Alipapasa matundu ya bolti. Matundu yenyewe, Marlys, kwa vidole. Mtu anayejua kwamba kimeanguka hapapasi. Nilimwona kwa macho yangu nikadhani anaigiza."

"Ulikuwa na hasira."

"Leonard alikuwa rafiki yangu."

"Najua. Nami nilikuwa nayo."

"Haitoshi hiyo," alisema. "Kwako labda inatosha, wewe ulifiwa. Mimi kazi yangu ni kuona." Akageuka kule kwenye ile meza iliyokuwa bado inamngoja, wanaume wenye mikono mikubwa na vicheko tayari midomoni. Akasema kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia, "Ile habari nimekuwa nikiisimulia vibaya. Tate Reinke alikwenda kwa Marlys kwa hiari yake mwenyewe, hajui kibao kiko wapi. Nilikuwepo. Asiisimulie mtu tena kama nilivyoisimulia mimi."

Mtoto mmoja aliangusha uma.

Duane alinigeukia mimi. "Ardith, nitilie kwenye boksi."

Nikamtilia, vipande viwili na kimoja cha juu. Akatoka nalo. Kutoka dirishani kwangu maegesho yanaonekana vizuri, na sitasema kwamba sikutazama. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye pikapu ya Tate, upande wa abiria, akagonga kioo kwa kiungo cha kidole. Hakikufunguliwa upesi. Nilidhani hakitafunguliwa. Kisha nikamwona Tate akisogeza vitu kitini, kamba, chupa ya dawa ya ndama, koti, akivitupa nyuma kimoja kimoja. Mlango ukafunguka. Duane akapanda, akafunga, wakakaa wawili wakiwa na maboksi magotini. Walichozungumza sikukisikia, wala hakikuwa changu. Nilichokiona ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyekula, halafu wote wawili wakaanza kula.

Nyuma yangu watu walikuwa wameshika uma zao, shingo zimegeukia dirishani. Nilimtazama wifi yangu. Mashavu yalikuwa yamelowa, lakini kijiko cha kabichi kilikuwa kimeinuliwa tayari.

"Ardith," alisema, "foleni imefika mlangoni. Samaki wanapoa."

Nikageuka, nikamuuliza aliyefuata anataka vipande vingapi.